Badili Angalau Vitu Vitatu

Kanuni ya chuo ilikuwa hii: ukileta kisa cha kijana unayemhudumia ili wenzako darasani wakijadili, badili angalau vitu vitatu. Msichana mfanye mvulana ukipenda. Mwenye baba mpe bibi. Wa mlimani mteremshe bondeni. Kibaki kinachomsumbua na maneno aliyoyasema, basi, ili hata mama yake mzazi akipita hapo asimtambue.

Mke wangu aliisifu kanuni ile. Nami niliisifu, na mimi si mtu wa kusifu kanuni. Nimefukuzwa kazi kwa ajili ya kanuni mara nyingi kuliko wavivu wanavyofukuzwa kwa uvivu. Nilisema hii angalau imetungwa na mtu mwenye haya.

Mke wangu ni muuguzi. Mtaa mzima unamwita Sista, nami nimezoea hivyohivyo. Kwenye zahanati yao walimpa chumba kilichokuwa stoo ya ndoo na mafagio, wakabandika karatasi mlangoni: "Vijana – Afya ya Akili." Mtu mmoja kwa vijana wa wilaya nzima. Foleni ilipofika barabarani wakubwa hawakuongeza mtu wa pili. Walimwambia yeye aongeze elimu. Ndivyo walivyo tangu niwajue. Karakana ya reli ilipokuwa inatukata vidole walituletea semina ya usalama, mashine wakaiacha palepale na meno yake.

Basi Sista akajiunga na stashahada ya uzamili ya mtandaoni, ya wataalamu wanaohudumia vijana wenye matatizo ya akili. Chuo kiko mbali, nchi nyingine kabisa. Wanafunzi ni wauguzi, walimu, maofisa wa ustawi wa jamii, kila mtu kwake na simu yake. Mhadhiri tulimwita Daktari. Alikuwa na rafu ya vitabu nyuma ya kichwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko zote: "Mnanisikia?" Somo lenyewe lilikuwa la kusikiliza, na nusu ya kipindi wanaulizana kama wanasikiana.

Mwongozo ulitaka kila mshiriki awe kwenye chumba cha faragha, mlango umefungwa, hedifoni masikioni. Aliyeandika hayo alale salama na vyumba vyake. Sisi tunavyo viwili. Kimoja chetu, kimoja cha binti yetu, ambacho mchana ndicho sebule. Jumamosi darasa linapoanza, mimi natoka uani kuchomelea mageti ya watu na binti anakwenda maktaba. Kabla sijawasha mashine nilikuwa nikimsikia Daktari akisema, "Sasa nawapeleka kwenye vyumba vidogo," anawagawa wanafunzi makundi humo humo ndani ya simu. Nikamwambia Sista, chuo chako kina vyumba vingi kumshinda mwenye nyumba wetu, na wala hakidai tusipige misumari ukutani.

Binti yetu tunamwita Wakili. Jina alilipata angali mdogo, kwa ubishi. Ukimwambia alale, anauliza kwa kosa gani. Ukimwambia ale, anataka ushahidi wa njaa. Sasa ana miaka kumi na saba, na siku hizi alikuwa ameanza kusema "sawa." Zima taa, mwanangu. Sawa. Usichelewe. Sawa. Nilidhani amekua.

Jumamosi moja umeme ulikatika katikati ya kipindi. Mashine yangu ikazima, kinu cha kusaga cha ng'ambo kikazima, redio za mtaa mzima zikazima kwa pamoja kama zimeambiwa msiba. Hedifoni za Sista zilikuwa zimekufa siku nyingi. Alikuwa akitumia spika ya simu, sauti ya chini, na kelele zangu ndizo zilizokuwa mlango wake. Sasa mlango ukawa haupo. Mimi nimekaa chini ya dirisha, napiga tupa bawaba ya geti, na sauti ya mwanamume ikanijia waziwazi kana kwamba ananinong'oneza mimi.

Nilimtambua. Ni ofisa wa ustawi wa jamii wa upande wa pili wa mji wetu huuhuu, karibu na maktaba. Nyumbani tulimwita Kofia, maana haikuwahi kutokea aonekane kwenye kioo cha simu bila kofia.

"Kisa changu ni cha kijana wa kiume, miaka kumi na mitano," alisema Kofia. "Baba ni seremala, mama ni mwalimu. Zamani alikuwa mbishi, siku hizi kila kitu anasema sawa. Ameanza kugawa vitu vyake. Anasema, namnukuu: 'Kwetu kila mtu anatetea watu. Siku nzima wanatetea watu. Zamu yangu ikifika wamechoka.' Mara ya mwisho aliniambia angefurahi alale asiamke."

Tupa ilibaki mkononi, haiendi wala hairudi.

"Wazazi wanajua?" Daktari aliuliza.

"Hawajui. Ameomba awaambie mwenyewe, nikiwepo. Tumepanga atafanya nini wazo likimjia vibaya, na namwona mara kwa mara. Kilichonileta hapa ni hicho: nisubiri, au nivunje siri?"

Wakaanza kujadiliana. Mwalimu mmoja akasema vunja. Muuguzi mmoja akasema ukivunja umempoteza. Halafu nikasikia sauti ya mke wangu, nyembamba, si ile ninayoijua.

"Samahani. Ulibadili nini?"

 Hata "mnanisikia" haikusemwa.

"Mshiriki," Daktari akasema taratibu, "hilo ndilo swali pekee tusiloulizana humu."

"Najua. Nisameheni. Mtandao ulikuwa umekatika, sikuelewa vizuri."

Mtandao haukuwa umekatika.

Kipindi kilipokwisha nilimkuta kwenye ujia mwembamba tunaoutumia kama jiko, anamenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba.

"Ni wetu," nikasema.

"Nani wetu?"

"Sista, usinifanye mtoto. Umeme ulikatika. Nimesikia."

"Hujasikia kitu."

"Nimesikia mpaka mkato."

"Basi sahau mpaka nukta."

Nikasimama pale. Yeye akaendelea kumenya, kisha akasema bila kugeuka, "Yule ni mvulana."

"Wamembadili. Moja."

"Ana miaka kumi na mitano."

"Mbili."

"Baba yake seremala."

"Tatu! Mimi natengeneza mageti ya chuma. Mtu akitaka kunificha atanifanya nani, rubani? Atanisogeza hapo jirani tu, kwenye mbao."

"Na mama mwalimu? Hiyo ya nne umeiweka wapi?"

"Si wamesema angalau? Angalau maana yake hata kumi."

Sasa akageuka. "Kwa hiyo linalofanana ni la kwetu kwa sababu linafanana, na lisilofanana ni la kwetu kwa sababu limebadilishwa."

"Ndiyo."

"Baba Wakili, kwa hesabu hiyo hakuna mtoto chini ya jua asiyekuwa wako."

"Mbona na wewe uliuliza?"

 Alimenya kiazi kile mpaka kikawa kama njugu.

Nikasema namuuliza Wakili leo hii akitoka maktaba. Sista akanizibia njia kwa kisu cha viazi, hakujua hata kama anacho mkononi.

"Utamuuliza nini? Kwamba umeisikia siri yake dirishani? Kama ni yeye, umemnyang'anya mtu pekee anayemwamini. Hatarudi kwa Kofia wala kwa mwingine. Na kama si yeye, umechukua siri ya mtoto wa watu umeimwaga sebuleni kwako."

"Na tukinyamaza?"

"Sijui."

Mke wangu ana jibu la kila kitu. Hata ndotoni hutaja vipimo vya dawa. Neno lile lilinitisha kuliko maneno yote ya Kofia.

"Si unasoma?" nikasema. "Masomo yako yanasemaje?"

"Yanasema niongee na msimamizi wangu."

Akamwandikia msimamizi wa kozi. Alinisomea kabla ya kutuma: huenda namfahamu kijana wa kisa cha leo, huenda ni wa nyumbani kwangu, naomba mwenzangu ajulishwe. Jibu likaja kesho yake, mistari mitatu: Ujumbe wako umemfikia mhusika. Hatuwezi kuthibitisha wala kukanusha. Tafadhali jitunze.

Hapo damu ilinipanda. Hatuwezi kuthibitisha wala kukanusha! Sentensi ile naijua, mimi na yeye ni wa zamani. Karakana ilipokuwa inataka kufungwa tulimfuata meneja ofisini, wanaume wenye familia, tukamuuliza ni kweli? Akatuambia hivyohivyo, neno kwa neno. Asubuhi tukakuta kufuli. Alikuwa amevaa tai ya kijani siku ile, na mimi mpaka leo nikiona tai ya kijani kwenye harusi ya watu mkono unakunja ngumi wenyewe.

"Nipe namba ya huyo msimamizi," nikasema.

"Huyu si meneja wako. Huyu analinda mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Sasa ndiyo hapo," akasema Sista.

Nilishika hasira, nikatafuta pa kuitua, sikupaona. Kofia alikuwa amefanya kazi yake. Daktari kafanya yake. Msimamizi vilevile. Kila mtu alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sijui kama mwanangu anataka kuishi.

Nikawa jasusi ndani ya nyumba yangu. Kamusi aliyoipenda Wakili haikuwepo kwenye rafu. Iko wapi? Nimemwazima rafiki. Kuazima na kugawa, tofauti yake utaijuaje kabla kitu hakijarudi? Nikaona sweta lake limevaliwa na katoto ka jirani. Lilikuwa limenibana, baba. Ni kweli lilikuwa limembana, nilikuwa nimeliona mwenyewe. Kila jibu lilikuwa jibu zuri, na kila jibu zuri lilinikausha mate. Nikimkuta amekaa kimya, moyo unaruka. Nikimkuta anacheka na simu, nakumbuka Sista aliwahi kuniambia kucheka si ushahidi, moyo unaruka vilevile. Nilimuuliza mara ngapi kwa siku kama amekula, mpaka akaniambia, "Baba, unaninenepesha kwa ajili ya nini?" Ulikuwa utani. Nilidhani ulikuwa utani.

Halafu siku moja, huku kichwa kinazunguka seremala, seremala, nikainua macho nikamwona Seremala.

Jirani yetu, ng'ambo ya barabara, tunaazimana misumeno mwaka nenda mwaka rudi. Mkewe anafundisha watoto wa chekechea. Na wana kijana wa kiume, miaka kumi na mitano.

Je, kama Kofia hakubadili yale? Kama alibadili mengine kabisa, ule ubishi, kule kugawa vitu? Mbona sikuwahi kuwaza kwamba yaliyofanana na kwetu ndiyo huenda yalikuwa ya kutungwa? Nikahisi jiwe limetoka kifuani. Halafu nikamtazama kijana wa watu, anapiga msasa mguu wa meza huku anaimba, na jiwe likarudi limeleta mwenzake.

"Jirani," Seremala akaniita, "mbona unamtazama kijana wangu kama umemkuta mnadani?"

"Anaimba."

"Anaimba vibaya. Umekuja kumshitaki?"

"Ana furaha?"

"Tumbo limejaa, msasa mkononi, na mama yake hayupo hapa kumtuma. Atakosaje furaha? Wewe una nini leo?"

Ningemwambia nini? Kwamba huenda mwanao anataka kufa, au huenda ni wangu, au ni wa mtu wa tatu tusiyemjua? Nikaomba nyundo ya mpira. Nyundo ya mpira ninayo. Nikarudi nayo nyumbani nimebeba watoto wawili kichwani.

Sista nilimkuta chumbani kwetu, amekaa ukingoni mwa kitanda na simu mapajani. Hakunipa nafasi ya kusema habari za Seremala.

"Kaa. Kuna kitu sijakuonyesha."

Mafunzo yao yanataka mazoezi ya kuzungumza na kijana, na mazoezi hurekodiwa, yanapelekwa chuoni yasahihishwe. Kwa kuwa huwezi kurekodi mgonjwa wa kweli, unamtafuta mtu aigize. Wengine waliigiziana wao kwa wao. Sista alimwomba binti yake. Nilijua hilo, nilikuwa nawasikia wakicheka kabla ya kuanza. Rekodi yenyewe sikuwahi kuiona.

Akaifungua. Wakili amekaa kitandani kwake, magoti kifuani. Sauti ya Sista, nyuma ya simu, inauliza vizuri, kwa upole wa kazini: "Kuna wakati unawaza afadhali usingekuwepo?"

"Ndiyo," anasema Wakili.

"Mara nyingi?"

"Za kutosha."

"Na huwa unamwambia nani?"

Mtoto anainua mabega. Anaangalia pembeni, kule kwenye dirisha. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko mwigizaji anavyothubutu.

Chini yake Daktari alikuwa ameandika: Kazi nzuri. Hongera kwa kumpata mwigizaji mahiri.

"Alianza kuigiza wapi na akaacha wapi?" niliuliza.

"Nimeiangalia mpaka macho yanauma. Sijui." Sista akazima simu. "Unajua nilimwambia nini tulipomaliza? Nilimwambia, mwanangu, una kipaji. Akasema sawa."

 Nje kinu kilikuwa kinasaga, maisha ya watu yanaendelea. Nilimwambia, basi Kofia tumwache na kisa chake. Tusahau dirisha. Rekodi hii si siri ya mtu, ni mtoto wetu anasema ndiyo na mama yake yupo mbele yake. Tumuulize kwa hili.

"Nimewafundisha walimu wa shule nzima," Sista alisema. "Nimesimama mbele yao nikawaambia, kumuuliza kijana kama anawaza kufa hakumwingizii wazo kichwani, kunamfungulia mlango. Uliza moja kwa moja. Usizunguke. Nimewaambia wazazi wanaolia. Kila siku nauliza watoto wa watu, hata sauti haitetemeki."

"Basi muulize na huyu."

"Ulimi hautaki, Baba Wakili."

Jumapili mchana Wakili alikuwa anapiga pasi sare zake sebuleni. Tuliingia wote wawili kama wanaokuja kuposa. Kwa kuwa Sista hakufungua mdomo, nikafungua mimi. Sijui nilisema nini. Najua nilianza na vijana wa leo, nikapita kwenye ajira, nikafika kwa wakubwa waliofunga karakana na viwanda wakawaacha watoto hawana mbele, nikasema kukata tamaa si kosa lao, ni mpango wa watu. Nilikuwa nimeshainua mkono.

"Sawa, baba," Wakili akasema, akageuza kola.

Sista akanishika bega, kwa maana ya nyamaza. Akachukua simu yake, akaizima, akaitia ndani ya sufuria na kufunika kwa mfuniko. Wakili akamtazama.

"Hili ni zoezi?"

"Si zoezi."

"Unarekodi?"

"Simu iko kwenye sufuria, mwanangu."

"Una simu mbili?"

"Sina. Na baba yako hajui kurekodi."  Akasema, na sauti ilitetemeka yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini maneno yalikuwa yamenyooka kama walivyomfunza: "Umekuwa unawaza kufa?"

Pasi ilisimama. Nikanusa kitambaa kinaungua nikaiinua mimi, maana hakuna mwingine aliyeiona.

"Ndiyo," Wakili akasema.

"Na ile siku ya rekodi?"

"Na ile siku."

"Sikujua," Sista akasema. "Nilidhani unaigiza."

"Na mimi nilidhani naigiza. Nilianza naigiza."

Hapo ningenyamaza, lakini mdomo wangu haujawahi kusubiri zamu. "Na yule ofisa wa kule karibu na maktaba, umemwambia?"

Sista alinitupia jicho ambalo nitazikwa nalo.

"Ofisa gani?" Wakili aliuliza. "Nimwambie nani, baba? Kila mshauri wa mji huu anamjua mama. Wako kwenye kundi moja la simu, wanatumiana salamu za asubuhi. Nikienda kwao, nakuta wenzake mama. Nisipokwenda, nakuta mama."

"Kwa hiyo si wewe," nikasema.

"Si mimi nini?"

 Wiki nzima nilikuwa naomba asiwe yeye. Sasa nimeambiwa si yeye, na nimeshika pasi ya moto kama sanamu. Kijana wa Kofia, awe wa nani, alikuwa na mtu wa kumwambia. Alikuwa na Kofia. Huyu wetu hakuwa na mtu, na nyumba ina stashahada. Nilijikuta natamani angekuwa yule.

Nikamuuliza ni nani. Nani amekufanyia? Ni shuleni? Ni mwalimu? Ni mvulana? Nitajie.

"Hakuna mtu, baba."

"Lazima yupo."

"Hakuna. Ndiyo kinachonichosha. Ningekuwa naye ningekutajia, ukamfanyie mgomo."

Akacheka kidogo, na akaanza kulia katikati ya kicheko, au alianza kulia na kicheko kikaingilia, sikuweza kupambanua. Sista akaenda akakaa naye sakafuni. Mimi nilibaki nimesimama. Maisha yangu yote, palipo na mtu anaumia nimemtafuta anayemuumiza, na mara nyingi nimempata, na mara nyingi alikuwa na ofisi. Sasa sikujua nisimame upande gani wa chumba.

Siku zilizofuata Sista alifanya yote kama alivyofundishwa. Dawa zote za nyumbani alizikusanya akazifungia kazini. Usiku alihamia kwa Wakili. Hakumhoji, walilala, basi, na mara moja moja niliwasikia wanaongea habari za viatu. Darasa la Jumamosi hakuingia. Lakini kumtibu hakuweza, alisema hivyo mwenyewe, mganga hajigangi wala hamgangi aliyemzaa. Na wenzake wa mji huu Wakili hakuwataka. Tukauliza, unamtaka nani? Akasema, mtu asiyemjua mama.

Mtu huyo alikuwa kwenye hospitali ya mji mwingine, na hata kupiga simu Sista hakuthubutu, kwa kuwa angejitambulisha na wangemtambua. Kwa hiyo mwenye elimu alibaki nyumbani, akazunguka jiko, na mimi nisiyejua kitu ndiye niliyemsindikiza. Sikuona haki iko wapi katika mpango huo. Sikuona wa kumlalamikia pia.

Mapokezi kulikuwa na kijana mwenye kalamu.

"Baba anafanya kazi gani?"

"Fundi," nikasema.

"Mama?"

 Wakili akajibu kabla yangu.

"Mwalimu."

Alilisema upesi, bila kupepesa, kama mtu aliyekwisha kulisema mahali. Nikamtazama. Kichwani hesabu ikaanza upya yenyewe: mwalimu, maktaba, fundi ukimsogeza kidogo anakuwa seremala, na msichana unamfanya mvulana. Je, aliwahi kwenda kwa Kofia akajibadilisha mwenyewe kwanza, halafu Kofia naye akambadilisha tena juu yake? Je, alikuwa amesema "mwalimu" sasa hivi tu, kwa kumficha mama yake? Niliifuata hesabu hiyo mpaka nikaona inanirudisha dirishani. Nikaiacha. Yuko hapa, nikasema moyoni. Yeyote aliyekuwa kule, huyu yuko hapa.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke mnene mwenye kandambili. Akamtazama Wakili, si mimi. "Karibu, mwanangu. Mzazi atasubiri."

Nikasubiri. Benchi lilikuwa la chuma, limechomelewa ovyo. Ningelifanya upya bure kama wangeniomba. Nilitunga hotuba ya kumpa akitoka, nikaifuta, nikatunga nyingine fupi, nikaifuta nayo. Mwanamke mwingine aliyekaa na mwanawe aliniuliza, "Wako ana nini?" Nikasema, "Bado hatujui." Akasema, "Na sisi."

Wakili alitoka macho makavu. Hakuonekana amepona wala amezidiwa. Alionekana mtu aliyetoka chumba kimoja kuingia kingine.

"Wiki ijayo tena," akasema.

"Sawa," nikasema mimi.

Tukatoka nje juani. Tulitembea tukiufuata ukuta wa hospitali mpaka akasimama.

"Baba, usiniulize."

"Sijauliza."

"Uso wako unauliza."

Nikajaribu kuupanga uso. Nikalegeza paji, nikafunga mdomo, macho nikayapeleka barabarani kwenye maduka. Yeye akawa ananitazama kwa makini, kichwa upande, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Bado," akasema, na tukaendelea kutembea, mimi naupanga tena.